Kutembea upya baada ya kurefushwa mguu

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Kisumu na watu waliorefushwa mguu ni hili: mfupa umeshika, vyuma vimetolewa, mbona bado nachechemea? Wengine walivunjika paja kwenye ajali ya boda na mfupa ukaunga vibaya, wengine waliugua usaha wa mfupa utotoni, wengine walizaliwa mguu mmoja ukiwa mfupi. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, kwa hiyo nitasema ya kutembea tu. Kusoma eksirei ni kazi ya daktari wa mifupa, na usianze zoezi lolote la kusimama kabla hajakuruhusu kukanyaga.

Njia ya kurefusha aliyoianzisha daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Urusi, katika miaka ya 1950 ndiyo msingi hadi leo. Mfupa hukatwa, kisha pande zake huvutwa polepole kwa vyuma vilivyofungwa nje ya mguu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, mara nyingi robo milimita mara nne, na mfupa mpya huota kwenye mwanya. Misuli na neva hazina mwendo huo. Huvutwa, zikakaza, na nyingine zikalegea kwa kukaa bila kazi. Kuchechemea kwingi ninakokuona kunatoka hapo, wala si kwenye mfupa.

Hatua ya 1. Jua unachechemea vipi. Vaa kaptura, vua viatu, mtu akupige video ukitembea, mbele, nyuma na ubavuni. Kisigino kisipogusa chini, shavu la mguu limekaza. Hutokea sana aliyerefushwa mfupa wa muundi. Goti lisiponyooka unapokanyaga, tatizo liko nyuma ya paja au gotini penyewe. Kiwiliwili kikiegemea upande wa mguu uliorefushwa kila unapoukanyaga, misuli ya nyonga ni dhaifu. Kila moja ina dawa yake. Mwenye nyonga dhaifu anaweza kunyoosha shavu la mguu mwezi mzima na asione nafuu yoyote.

Hatua ya 2. Rudisha kisigino na goti. Kaa, nyoosha mguu, pitisha leso chini ya unyayo karibu na vidole, ivute kwako hadi shavu la mguu livutike. Tulia hapo sekunde 30, achia, rudia mara kadhaa, asubuhi, mchana na jioni. Usivute kwa kushtukiza. Kwa goti, weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino ili goti lishuke lenyewe. Na tafadhali, mto chini ya goti usiku uondoke. Najua unapunguza maumivu, lakini goti linalolala limekunjwa huamka limekunjwa.

Kama bado unarefushwa na unyayo haufiki tena pembe mraba na muundi, mwambie daktari sasa, usingoje tarehe ya kliniki. Anaweza kupunguza kasi ya kuvuta.

Hatua ya 3. Nyonga. Hapa ndipo watu wengi huruka, kwa sababu nyonga haiumi. Lala ubavu, mguu uliorefushwa juu, uinue ukiwa umenyooka, vidole vitazame mbele visitazame dari, wala mguu usiteleze kwenda mbele. Ushushe polepole kuliko ulivyouinua. Ukipata nguvu, simama mbele ya kioo ukishika meza, inua mguu mzima, yaani ule usiorefushwa, usimamie uliorefushwa. Tazama kiuno. Upande wa mguu ulioinuliwa ukishuka, bado kazi ipo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitembea kilomita nyingi kila siku wakidhani wanajitibu, kumbe wanauzoeza mwili kuyumba.

Hatua ya 4. Hatua yenyewe. Kisigino kwanza, kisha unyayo, kisha sukuma kwa vidole. Miguu yote miwili ipewe muda ule ule chini. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hushika upande wa mguu mgonjwa. Usiutupe mapema kwa kuona aibu. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza. Anzia sakafu tambarare, au njia za Jomo Kenyatta Sports Ground asubuhi kabla ya watu kujaa. Udongo mweusi wa Kano ukinyeshewa unanata na kuteleza, uache kwanza.

Pia kagua viatu. Kama fundi wa Kibuye alikuongezea soli mguu ulipokuwa mfupi, kiatu hicho sasa kinakuharibia mwendo.

Maswali mliyoniuliza

*Daktari, mtoto wangu wa miaka 9 alirefushwa, sasa miguu iko sawa. Je, amemaliza? (Mama, Kakamega)*
Mama, bado anakua. Mguu ulioathirika ukikua polepole kuliko mwenzake, tofauti itarudi. Mpeleke apimwe hadi amalize kukua. Nyumbani unaweza kuchunguza: asimame wima, weka kibao chembamba chini ya mguu mfupi hadi kiuno kilingane. Tofauti isiyofika sentimita 1 watu wengi wanaishi nayo bila shida.

*Daktari amepima miguu akasema iko sawa, lakini mimi nahisi huu umekuwa mrefu mno. (Nakuru)*
Kaka, mgongo na kiuno chako vilizoea kupinda kwa miaka mingi. Hisia hiyo ni ya kawaida na hupungua ukifanya hatua ya 3 na ya 4 mbele ya kioo. Usijiwekee soli upande wa pili bila kupimwa.

*Mimi ni mwendesha boda. Vyuma vimetoka wiki iliyopita, nirudi kazini? (Kondele)*
Hapana, ndugu yangu, si wiki hii. Mfupa mpya unaweza kuvunjika baada ya vyuma kutolewa, na wewe mguu wako ndio breki na ndio nguzo ukisimama na abiria. Ngoja daktari aone eksirei akupe ruhusa. Kwa sasa panda tuktuk.

*Bado narefushwa. Tangu jana unyayo una ganzi na siwezi kuinua vidole. Ninyooshe zaidi? (Busia)*
Usinyooshe, dada. Neva inaweza kuwa imevutika kupita kiasi. Mpigie daktari wako leo, umuulize kama usimamishe kuvuta, na uende hospitali leo hii.