Kulala hemani na mtoto mdogo: anza na usingizi wake

Kambi za mapumziko za familia zina karibu kila kitu: vyoo, bafu, bwawa la kuogelea, uwanja wa michezo. Mchana mtoto hana shida, ana pa kukimbilia. Safari huharibikia usiku. Mtoto asiyelala usiku wa kwanza huamka na kisirani, na mzazi aliyekesha naye hana nguvu ya kukivumilia. Basi ukubwa wa hema, mahali pa kulisimamisha na saa ya kufika, vyote vipangwe kwa kuangalia mtoto atalalaje.

Kabla ya kuondoka

Usiamini idadi iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema. "Watu wanne" maana yake ni watu wanne waliobanana bega kwa bega, bila begi hata moja. Wazazi wawili na mtoto mmoja wachukue la watu wanne kwa uchache, na la watu sita kama kuna kitanda cha mtoto cha kukunja. Tafuta lenye kibaraza mbele ya mlango, yaani sehemu iliyofunikwa juu lakini haina sakafu. Hapo ndipo patakaa viatu vya matope na poti.

Lisimamishe nyumbani kwanza, hata kama ni jipya. Hesabu vigingi, angalia nguzo zote zimo, kisha limwagie maji kwa mpira wa bustani dakika kumi na upapase mishono kwa ndani. Panapovuja pakikauka, paka gundi ya kuzibia mishono. Liache siku nzima, mtoto aingie na kutoka apendavyo, na alale humo usingizi wa mchana. Ukelele wa zipu, kitambaa kinachopigwa na upepo na vivuli vinavyocheza ukutani ndivyo humshtua mtoto gizani. Avizoee akiwa kwao.

Unapoweka nafasi kwa simu, uliza mambo manne: saa ya utulivu inaanza lini (kambi nyingi huweka saa nne usiku), jukwaa la muziki liko upande gani, jenereta liko wapi, na bwawa lina uzio wenye lango linalojifunga lenyewe au la.

Kiwanja chenyewe

Wenye watoto wengi hukimbilia nafasi iliyo jirani na choo. Ni kosa linaloeleweka, ila ni kosa. Taa ya chooni huwaka usiku kucha, mlango unabamizwa, na kila anayepita anamulika tochi kwenye hema lako. Kaa hatua hamsini hivi kutoka hapo. Kwa haja ya usiku tegemea poti iliyoko kibarazani; kumvalisha viatu mtoto aliyebanwa na mkojo saa nane za usiku ni mbio utakazoshindwa.

Tazama juu: usipige hema chini ya tawi kavu. Tazama chini: udongo uliopasukapasuka, au majani makavu yaliyojipanga mstari, ni alama kwamba maji yalituama au yalipita hapo, na mvua ikinyesha yatarudi. Kama ardhi ina mteremko kidogo, vichwa vielekee juu. Mkilala kwa kuukata mteremko, mtoto atabiringika usiku hadi kwenye ukuta wa hema, na ukuta huo alfajiri huwa umelowa.

Kisha tafuta mashariki kwa dira ya simu. Hema lisilo na mti au jengo upande huo hupata joto mara tu jua linapochomoza, na usingizi wa mtoto huishia hapo hapo.

Kulisimamisha

Fikeni angalau saa tatu kabla ya jua kuzama. Mtu mzima mmoja asimamishe hema, mwingine akae na mtoto. Ukiwa peke yako, mpe mtoto kazi ya kushika mfuko wa nguzo, mbali na nyundo.

Turubai la kutandika chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. Likichungulia nje hukinga maji ya mvua na kuyapeleka chini yenu. Kigingi kipigwe kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kichwa kikiegemea mbali na hema. Kilichosimama wima hung'oka kamba inapovutwa na upepo. Kizamishe mpaka mwisho, maana kidole cha mguu cha mtoto hukipata kichwa cha kigingi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila kamba ifungwe kipande cha kitambaa cheupe kwenye usawa wa kifua cha mtoto.

Matundu ya hewa yabaki wazi hata kukiwa na baridi. Pumzi za watu watatu hutoa maji mengi usiku mmoja, na hema likizibwa maji hayo hugeuka matone kwenye kitambaa na kudondokea blanketi. Wengi hudhani hema limevuja.

Kitanda cha mtoto

Baridi inayoamsha mtoto hutoka ardhini. Godoro la kujaza upepo halimsaidii, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupoa pamoja na udongo. Tandaza hivi, kuanzia chini: turubai, sakafu ya hema, mkeka wa sponji wenye unene wa sentimita moja au zaidi, godoro jembamba, shuka. Kinachokaa chini ya mtoto kina umuhimu kuliko blanketi la pili juu yake.

Mtoto aliye chini ya miezi 15 asilazwe kabisa kwenye godoro la upepo. Hubonyea, uso ukazama, na kati ya godoro na ukuta hubaki mwanya wa kumbana. Mpe kitanda chake cha kukunja chenye sakafu ngumu, bila mto wala blanketi, na umvalishe gunia la kulalia lenye matundu ya mikono. Mfuko wa kulalia wa mtu mzima haumfai hata aliyekwisha kujua kutembea: huteleza akaingia ndani na kufunikwa kichwa.

Kujua kama amepata joto la kutosha, pitisha vidole nyuma ya shingo au kifuani. Mikono hudanganya, huwa ya baridi hata mwili ukiwa na joto. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo.

Kabla ya kulala mbadilishe nguo zote, soksi pia, hata kama zinaonekana kavu. Zimebeba jasho la mchana, nalo humpoza usiku. Shuka ya nyumbani ije bila kufuliwa. Harufu yake humtuliza kuliko kidoli kipya. Saa ya kulala na mpangilio wake (kuoga, hadithi, taa) viwe vile vile vya kila siku. Kama mwanga wa nje ni mkali, bana kanga au shuka nzito upande wa taa, mradi usizibe matundu ya hewa.

Moto na maji

Jiko la mkaa au la gesi haliingii hemani, wala kibarazani, hata kwa kupasha maziwa. Mkaa usio na mwali bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na aliyelala haamki.

Moto wa nje uwe mita 5 kutoka hemani. Chora kwa fimbo duara kubwa kuuzunguka, na mwambie mtoto asiuvuke mstari. Mstari anaouona humwingia kuliko "usisogee karibu". Hatari inayosahaulika ni asubuhi, majivu yakionekana yamekufa huku chini kuna makaa. Usiyafukie kwa mchanga, mchanga hutunza joto. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka kiganja ukikiweka juu yake kisihisi chochote.

Bwawani, mtoto mdogo awe mahali unapoweza kumfikia kwa kunyoosha mkono. Anayezama hapigi kelele. Watu wazima wakiwa wengi ndipo ajali hutokea, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Basi taja kwa jina aliye zamu, simu yake ikae begini, na mbadilishane kila dakika 15. Maboya ya mikononi ni vya kuchezea tu. Nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au waridi kali, kwa kuwa ya bluu hupotea ndani ya maji.

Mengine kwa ufupi

Mahema yanafanana. Funga kitambaa cha rangi moja kali juu ya lenu, mvike mtoto bangili yenye namba yako ya simu na ya kiwanja, na mpige picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Akipotea, hutakumbuka alivaa nini.

Dawa ya mbu yenye DEET (kemikali ya kufukuza wadudu) haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, na kwa mkubwa zaidi isipakwe mikononi, kwani mikono huishia mdomoni. Ya mafuta ya mkaratusi-limau isubiri miaka mitatu. Mafuta ya kukinga jua ni kuanzia miezi sita, SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, na hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila atokapo majini. Kabla ya umri huo, kivuli na kofia.

Chakula kinachoharibika kikikaa nje ya barafu saa mbili kitupwe. Kukiwa na joto la nyuzi 32 na zaidi, saa moja.

Siku ya kuondoka hesabu vigingi kabla ya kufunga mfuko. Hema lililokunjwa likiwa na umande lifunguliwe nyumbani siku hiyo hiyo na kuanikwa mpaka mishono ikauke, la sivyo litaota ukungu, na ile harufu haitoki kwa sabuni.