Kukisia Wimbo kwa Sekunde Chache: Mwongozo kwa Wachezaji wa Lamu

Mchezo huu una kanuni nyepesi. Unasikilizishwa mwanzo wa wimbo kwa muda mfupi mno, kisha unaandika jina la wimbo unaodhani ndio, na ukikosa unaongezewa sekunde. Toleo lililoupa umaarufu duniani liliitwa Heardle. Lilitoka mapema mwaka 2022 kwa kufuata mfano wa Wordle, ule mchezo wa kukisia neno la herufi tano, likanunuliwa na Spotify mwezi Julai mwaka huo huo, na likafungwa Mei 2023. Kufungwa kwake hakukuumaliza mchezo, kwa sababu mashabiki walikuwa wamekwisha kutengeneza matoleo mengine, mengine ya nyimbo za muongo mmoja tu, mengine ya msanii mmoja tu, na yanachezwa hadi leo kwenye kivinjari cha simu bila kupakua chochote.

Ninaucheza, na pia ninauendesha katika kundi la WhatsApp la jamaa na marafiki wa Mkomani na Langoni, mitaa ya hapa Lamu, ambako vionjo vyetu, yaani vipande vya mwanzo wa nyimbo, ni vya taarabu. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili: namna ya kucheza matoleo yaliyoko mtandaoni, na namna ya kutengeneza mchezo wenu wenyewe. Katika zote mbili ninashikilia jambo moja, kwamba sikio lianze na ala na jina la wimbo lifuate. Anayekimbilia jina mapema hulisikia jina hilo kila anaporudia kionjo, hata kama halimo.

Kanuni za Heardle ndizo zinazofuatwa na matoleo mengi. Mchezaji ana nafasi sita. Nafasi ya kwanza humpa sekunde 1 ya mwanzo wa wimbo, ya pili sekunde 2, ya tatu 4, ya nne 7, ya tano 11 na ya sita 16. Wimbo ni mmoja kwa siku, nao kwa kawaida hubadilika saa sita ya usiku. Hakuna pesa inayowekwa wala inayoshindaniwa, hivyo mzazi anayemwona mwanawe akicheza asiuchanganye na michezo ya kamari ya simu.

Hatua ya kwanza: chombo na mahali pa kusikilizia

Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na mlio huo karibu wote hupotea katika simu, kikabaki kivuli chake cha juu tu. Nyimbo nyingi za michezo hii ni za Marekani na Uingereza, na zimo zinazofunguliwa na besi peke yake. Mwenye kuzisikiliza kwa spika ya simu atadhani kwamba kionjo ni kimya. Tumia spika za masikioni, na zote mbili ziwe nzima, kwa maana rekodi ya stirio huweza kuweka gitaa upande wa kushoto na kinanda upande wa kulia, na anayesikiliza kwa sikio moja amekosa nusu ya ushahidi.

Za waya ni bora kuliko za Bluetooth. Vifaa vingi vya Bluetooth hulala vinapokaa kimya ili kutunza chaji, na vinapoamshwa humeza mwanzo wa sauti. Katika wimbo wa dakika nne hutagundua, lakini katika kionjo cha sekunde 1 sehemu iliyomezwa huenda ndiyo iliyokuwa na jibu. Asiye na za waya acheze kwanza sauti nyingine yoyote, kisha abonyeze kionjo papo hapo kabla kifaa hakijalala tena.

Mahali nako kuna hesabu yake. Mji wetu hauna kelele za magari kama Mombasa, lakini una punda, una injini za boti pale gatini, na una watoto wanaotoka chuoni kwa makundi. Baraza la jioni linafaa sana kwa kubishania majibu, wala halifai kusikilizia sekunde moja. Ingia ndani, au subiri baada ya Isha.

Hatua ya pili: rudia kabla ya kujibu

Kurudia kionjo hakukugharimu nafasi, na bado wachezaji wengi husikiliza mara moja tu na kuanza kuandika. Sikiliza mara ya kwanza ukijiuliza ni ala gani, mara ya pili ukijiuliza inapigwaje, na mara ya tatu ukisikiliza chumba chenyewe, yaani kama sauti ni kavu au ina mwangwi. Ukipata ala na namna ya upigaji, tayari umeondoa sehemu kubwa ya nyimbo zisizowezekana, ingawa hujataja hata moja.

Hatua ya tatu: usiruke

Matoleo yote niliyoyacheza yana kitufe cha kuruka, na ushauri wangu ni kukiacha. Kuruka na kukosea hugharimu sawasawa, nafasi moja, lakini anayejibu ana uwezekano wa kupata, hata uwe mdogo, na anayeruka hana. Zaidi ya hayo, baadhi ya matoleo hukuonyesha rangi tofauti ukitaja wimbo usio sahihi wa msanii aliye sahihi, na hapo jibu lako la makosa linakuwa limekupa nusu ya jibu. Kwa hiyo ukihisi sauti ya msanii fulani bila kuujua wimbo, taja wimbo wake wowote uone rangi itakayotoka.

Kisanduku cha majibu nacho kitumie ipasavyo. Ukiandika herufi chache za jina la msanii, hukuletea orodha ya nyimbo zake zilizomo mchezoni. Kuisoma orodha hiyo huku kionjo kikirudia masikioni si udanganyifu, kwani mchezo wenyewe ndio unaoitoa. Udanganyifu ni kufungua simu ya pili yenye programu ya kutambua nyimbo, na anayefanya hivyo amejinyima utamu wote wa mchezo.

Hatua ya nne: hesabu mapigo

Hapa ndipo sekunde zinapoanza kuwa na maana tofauti. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hupiga mara mbili tu katika sekunde 1, na wimbo wa polepole wa mapigo 60 hupiga mara moja, hivyo sekunde ya kwanza haikuambii lolote la kuaminika kuhusu mdundo. Itumie kwa mlio wa ala peke yake. Ikifika sekunde ya 4, wimbo wa mapigo 120 umekwisha kupiga mara nane, na sasa unaweza kugonga meza kwa kidole na kuujua mwendo wake. Pia utajua kama ni mwendo wa nne nne au wa tatu tatu. Kufikia sekunde ya 16 wimbo huo umepiga mara 32, na katika nyimbo nyingi za redioni mwimbaji huwa amekwisha kuingia au anavuta pumzi. Anayebakiza nafasi ya mwisho kwa ajili ya sauti ya mwimbaji hufanya vyema, mradi nafasi tano za mwanzo hakuzitupa.

Upo pia mchezo wa karibu na huu uitwao Bandle, ambao badala ya kuongeza sekunde huongeza ala: unaanza kwa ngoma, kisha zinaingia ala nyingine moja baada ya moja. Ninaupendekeza kwa yeyote anayetaka kufunza sikio lake, kwa sababu humlazimisha kusikia besi na ngoma, ambazo wengi wetu huzipita tukitafuta maneno.

Kutengeneza mchezo wenu kwa taarabu

Katika matoleo ya mtandaoni sijaukuta udi wala tashkota, ala za nyuzi za taarabu yetu, na hili ndilo lililonifanya nianze kukata vionjo mwenyewe. Kazi si ngumu. Unahitaji kompyuta moja, programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na nyimbo ulizonazo kihalali, ziwe za kununua au za kanda za nyumbani zilizohamishiwa kwenye kompyuta.

Fungua wimbo katika Audacity na ukuze picha ya sauti mpaka uone mahali mstari ulionyooka unapoanza kutikisika. Kimya kilicho kabla ya hapo kikate, kwa maana wimbo wenye nusu sekunde ya kimya mwanzoni utamwibia mchezaji nusu ya nafasi yake ya kwanza. Ila usikate mkwaruzo wa rekodi wala mvumo wa kanda. Huo ni ushahidi halali, na nitaueleza. Kisha toa vipande sita vya sekunde 1, 2, 4, 7, 11 na 16, vyote vikianzia mahali pamoja, bila kuzififisha sauti mwishoni.

Kabla ya kutuma, angalia mambo mawili ambayo huharibu mchezo kimyakimya. La kwanza ni jina la faili: liwe nambari tu, kama 01 au 02. La pili ni maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, ambayo hubeba jina la wimbo na la mwimbaji, na simu nyingi huyaonyesha kwenye kioo mara sauti inapoanza kucheza. Audacity hukuruhusu kuyafungua maelezo hayo unapohifadhi, nawe uyafute yote. Majibu yatumwe kwa mwendeshaji faragha, si kundini, la sivyo wa kwanza kujibu atawafungulia wengine wote.

Sasa kuhusu kusikiliza. Wimbo wa taarabu haukimbilii maneno. Mara nyingi hutanguliwa na muziki mtupu, na mpiga udi huweza kuanza kwa kupapasa nyuzi bila mdundo wowote, hivyo sekunde zote 16 zinaweza kwisha kabla mwimbaji hajatamka neno. Mchezaji aliyezoea nyimbo za redioni hukata tamaa hapa, ilhali ala zenyewe zinasema mengi. Sikiliza sekunde moja ya udi kwa makini: kipigio kinagusa uzi, mlio unaruka na kuanza kufa papo hapo, na kwa kuwa shingo ya udi haina vyuma kama ya gitaa, kidole cha mpigaji huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na mteleko huo hutofautiana kwa kila fundi. Wazee wetu humtambua Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, kwa mkono wake wa udi kabla hajafungua kinywa. Ala iitwayo kanuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti, kwa hiyo mlio wake hung'aa na kutetemeka. Akodioni haina mshindo wa kwanza, sauti yake huja na pumzi. Tashkota, ala iliyobuniwa Japani mwaka 1912 na kufika hadi pwani yetu, ina mlio mwembamba wa chuma ambao hauchanganyiki na kitu kingine.

Ukisikia harmonia, kile kinanda cha upepo, pamoja na tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi, elekeza mawazo kwa taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi, ile aliyoivumisha Juma Bhalo. Ukisikia fidla kadhaa zikipiga sauti moja kwa pamoja, fikiria vikundi vikubwa vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905.

Ushahidi wa rekodi nao usipuuzwe. Mkwaruzo wa kupasukapasuka huashiria santuri za zamani, zile ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, na katika kundi hili ndimo zilimo rekodi za Siti binti Saad alizozifanya Bombay kuanzia mwaka 1928. Mvumo laini usiokatika ni wa kanda. Na ukisikia vigelegele, au mtu akijaribu kipaza sauti, hiyo ni kanda ya harusini, na huna haja ya kuwafikiria waimbaji ambao walirekodi studio tu.

Mwendeshaji ana uamuzi mmoja mgumu wa kufanya mapema. Taarabu yetu hutumia lahani moja kwa mashairi tofauti, hasa zile zilizochukuliwa kutoka filamu za Kihindi, na hivyo nyimbo mbili zenye maneno mbalimbali huweza kufunguliwa kwa muziki ule ule. Mchezaji akitaja mmoja na wewe ulikusudia mwingine, atakuwa na haki ya kulalamika. Ninachofanya ni kuvisikiliza vionjo vyote sita kabla ya kuvituma: ikiwa hata sekunde ya 16 haiutofautishi wimbo huo na mwenzake, ninayakubali majina yote mawili, na ninawatangazia wachezaji kabla ya kuanza kwamba siku hiyo jibu sahihi ni zaidi ya moja. Ikiwa tofauti inajitokeza katika sekunde ya 11, kwa mfano pale tabla inapoingia katika wimbo mmoja na kukosekana katika mwingine, jibu linabaki moja tu, na baada ya mchezo ninatuma nyimbo zote mbili kundini ili kila mtu aisikie sekunde hiyo mwenyewe.