SOMO: Kutumia na kutunza draya (mashine ya kukausha nguo) ya nyumbani isije ikakuletea moto

Juni ikiingia na Nairobi ikifunikwa na mawingu na manyunyu, simu yangu haipumui. "Fundi, draya inazunguka masaa matatu na nguo bado mbichi." "Fundi, kuna harufu ya kuungua, niendelee tu?" Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za kufulia na kukausha, na maswali haya nimeyajibu hadi nikachoka. Nayajibu hapa mara moja. Ukiuliza jambo ambalo limo humu, nitakutajia namba ya hatua tu.

Lishike hili kabla ya mengine: draya inayochelewa kukausha inakuonya. Watu huilazimisha, wanaiongezea muda, ilhali hewa imeziba ndani na joto halina pa kutokea. Marekani, ambako draya ziko katika nyumba nyingi, idara ya zimamoto ya serikali ilitoa takwimu za 2008 hadi 2010: mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, na katika visababishi, kutosafisha mashine ndiko kuliongoza kwa asilimia 34. Hapa kwetu draya ni chache, lakini nyuzinyuzi za nguo ni zile zile na zinawaka vile vile.

Hatua ya 1. Jua uliyo nayo ni ya aina gani. Kama ina bomba nene nyuma, hiyo ni ya kutoa hewa nje. Kama ina tangi la maji la kuvuta, ni ya kondensa (kile kifaa cha ndani kinachopoza mvuke uwe maji) au ya pampu ya joto. Ya pampu ya joto hukausha kwa joto la chini na hula stima kama nusu ya zile nyingine: mzigo wa kilo saba au nane utatumia uniti kama 2, badala ya 4 au zaidi. Kwa anayenunua tokeni, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 2. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Si kwenye ekstensheni, si kwenye adapta, si soketi moja na friji. Draya ya wati 2,500 kwa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 10, tena kwa saa nzima bila kupumzika. Ekstensheni nyingi za madukani zina waya mwembamba kuliko zinavyojitangaza. Baada ya nusu saa gusa plagi: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa moto hadi huwezi kuishika, zima na umwite fundi wa stima aifungue hiyo soketi. Usiwashe shawa ya umeme na pasi wakati huo huo kisha ushangae breka inaanguka.

Hatua ya 3. Kagua mifuko. Kiberiti cha gesi, peni, sarafu, rangi ya mdomo.

Hatua ya 4. Soma lebo. Mraba wenye duara ndani ni ruhusa ya draya. Nukta moja ni joto dogo, mbili ni la kawaida. Ukiona alama hiyo imekatwa kwa X, anika. Mtumba wa masoko ya Gikomba na Toi mara nyingi bado una lebo, kwa hivyo usikisie. Sweta ya sufu itatoka imesinyaa kama ya mtoto mchanga.

Hatua ya 5. Kamua sana kabla. Maji yanayotolewa na mashine ya kufulia kwa kuzungusha ni rahisi kuliko yanayotolewa kwa joto. Zungusha mara mbili ukiweza.

Hatua ya 6. Usijaze hadi juu. Nguo zinahitaji nafasi ya kuanguka.

Hatua ya 7. Safisha chujio kila mzigo. Kila mzigo, narudia, si kila wikendi. Livute, kusanya nyuzinyuzi kwa vidole, lirudishe likae vizuri. Usiwashe draya bila chujio hata mara moja.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Chujio linaweza kuonekana safi kabisa na bado likawa limeziba. Mafuta ya sabuni za kulainisha nguo, hasa zile karatasi za kunukisha zinazotiwa drayani pamoja na nguo, hujenga utando usioonekana kwenye wavu. Lijaribu hivi: liweke chini ya bomba la maji. Maji yakipita mara moja, liko sawa. Yakisimama juu yake, hata hewa inapita kwa shida. Lisugue taratibu kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Hatua ya 8. Bomba la hewa na kondensa. Hapa ndipo nyumba huungua, kwa hivyo soma polepole.

Chujio halinasi kila kitu. Nyuzinyuzi ndogo hupita na kuingia ndani ya mashine na ndani ya bomba. Mwezi uliopita nilichomoa bomba la draya katika fleti moja, lile la plastiki jeupe linalokunjika, limepitishwa nyuma ya kabati kwa kona tatu. Kwenye kona ya kwanza nyuzinyuzi zilikuwa zimeshikana zikawa donge la kijivu, bichi kwa unyevu. Upande wa mashine zilikuwa kavu na zimeanza kuwa kahawia. Kahawia hiyo ni joto. Mwenye nyumba alikuwa ameniita kwa sababu "draya imekuwa mvivu".

Tumia bomba la chuma, la upana wa inchi nne, fupi iwezekanavyo na lenye kona chache. La plastiki litoe leo. Usikaze viungo kwa skrubu zinazochomoza ndani, maana nyuzinyuzi hunasa hapo. Tumia klipu au utepe wa alumini. Kule nje weka kifuniko kinachojifungua hewa ikipita, bila wavu mdogo. Tembea nje draya ikiwa inafanya kazi: kama kifuniko hakifunguki au hewa ni dhaifu, bomba limeziba. Lisafishe lote angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ukiona nguo zinachelewa.

Wenye kondensa: mwaga tangi kila mzigo, na mara moja kwa mwezi toa kondensa kama yako inatoka, ipitishie maji. Ya pampu ya joto mara nyingi haitoki. Piga mswaki laini kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana, bila kuyakunja. Kwa aina zote, kila baada ya muda umwite fundi afungue kasha asafishe karibu na kipasha joto. Hapo usijifungulie mwenyewe.

Hatua ya 9. Mafuta ya aina yoyote hayaingii. Nguo iliyomwagikiwa petroli, mafuta ya taa au thina haiingii draya hata ikifuliwa. Vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia ni hatari kwa njia nyingine: mafuta ya mimea yakibaki kwenye kitambaa yanaendelea kuungana na hewa na kutoa joto yenyewe. Yakirundikwa yakiwa moto, joto halitoki, na rundo linaweza kujiwasha masaa baadaye. Mikeka yenye mpira na mito ya sponji pia iache nje.

Hatua ya 10. Stima ikipotea katikati. Dakika za mwisho za draya ni za kupoza nguo kwa hewa baridi. Stima ikikatika kabla ya hapo, nguo zimebaki na joto ndani ya pipa lililofungwa. Chomoa plagi, toa nguo, zitandaze. Usizifungie ndani ukaenda kulala ukingojea stima irudi. Vivyo hivyo usiizime katikati kwa sababu una haraka ya kutoka.

Hatua ya 11. Usiiache ikifanya kazi ukiwa umelala au umetoka. Mlango wa pipa ufungwe daima kama kuna watoto au paka.

Hatua ya 12. Ukiona moshi, usifungue mlango, maana utaupa moto hewa. Zima ukutani kama unafika salama, toa watu, funga mlango wa chumba, piga 999 au 112. Usimwagie maji kitu chenye stima.

MASWALI

Kevo wa Roysambu: Fundi, asante. Sasa mimi soketi iko mbali, naweza kutumia ekstensheni?

Jibu: Hatua ya 2.

Kevo wa Roysambu: Lakini yangu ni ile nene, nilinunua bei.

Jibu: Hapana. Mwite fundi wa stima akuletee soketi karibu. Sina jibu lingine.

Nyakio: Hujambo fundi. Yangu ni ya kondensa yenye kujipima. Inasimama baada ya dakika ishirini na kuandika imemaliza, kumbe taulo bado ni mbichi. Chujio nasafisha kila mara. Inajuaje kwamba nguo zimekauka?

Jibu: Sijambo, dada. Swali zuri. Chungulia ndani ya pipa karibu na mlango, utaona vibao viwili vya chuma. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili hupitisha stima kidogo sana, na mashine hujua kuna maji. Vikipakwa ule utando wa kilainishi, havihisi kitu na mashine inadhani nguo ni kavu. Chomoa plagi, vifute kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha. Pia mzigo mdogo sana, tuseme taulo mbili, haugusi vibao vya kutosha. Changanya na nguo nyingine. Na shuka inaweza kujifunga ikameza taulo ndani yake, kwa hivyo zitenganishe.

Baba Zawadi: Naona unatisha watu. Shangazi yangu ana draya miaka mingi na hajawahi kugusa hilo bomba. Mafundi mnatafuta kazi tu.

Jibu: Nimewaeleza wasafishe wenyewe kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Kazi gani hapo natafuta? Mwambie shangazi atoke nje aone kama kile kifuniko kinafunguka. Ni dakika moja.

Mama Shiku, South B: Landlord hakubali tutoboe ukuta. Nimefunga soksi ndefu mwisho wa bomba, hewa inaingia tu jikoni. Iko sawa?

Jibu: Haiko sawa, mama. Soksi inaziba hewa na kukusanya nyuzinyuzi, na unyevu wote unabaki jikoni. Ukuta ukianza ukungu, huyo landlord atakukata deposit. Kuna mbao au plastiki ngumu za kuweka dirishani zenye tundu la bomba, hazitoboi chochote. Ukihama unaondoka nayo. Ukibadilisha mashine siku moja, nunua ya pampu ya joto.

Omosh: Kuna jamaa anauza draya iliyotumika, ex-UK, bei nzuri. Nichukue?

Jibu: Angalia jina na mwaka kwanza. Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline kadhaa zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 zilikuwa na kasoro: nyuzinyuzi ziliweza kugusa kipasha joto. Moto wa jengo la Shepherd's Court, London, Agosti 2016 ulitokana na draya ya aina hiyo, na 2019, baada ya shinikizo la serikali ya huko, kampuni iliyozitengeneza ilianza kuzikusanya kutoka kwa wateja zile ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Andika namba ya modeli iliyo ndani ya mlango, uitafute kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa usiione hiyo namba, ondoka.

Omosh: Na ya Marekani? Dada yangu anarudi na kontena.

Jibu: Mwambie aiuze huko. Ya stima ya kule inataka hezi 60 (kasi ya mapigo ya stima) na sisi tuna 50, na nyaya zake zimegawanywa tofauti: kipasha joto volti 240, mota 120. Plagi ukiibadilisha hujabadilisha hayo. Za gesi nyingi zimetengenezewa gesi ya bomba, si ya mtungi.

Jaymo Kinyozi, Githurai: Mimi nina kinyozi, taulo zetu zina mafuta ya masaji. Nimesoma hatua ya 9 nikashtuka. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, umefanya vyema kuuliza. Fua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, mara mbili ikibidi. Ukinusa taulo lililofuliwa na bado lina harufu ya mafuta, mafuta yamo, hilo anika. Zilizo safi ukizitoa kwenye draya zitandaze zipoe kabla ya kukunja. Usizirundike kwenye kikapu usiku ukafunga duka. Tena draya ya nyumbani haikuundwa kwa kazi ya siku nzima.

Mwanaisha: Yale maji ya tangi nayamwaga tu? Mume wangu anataka kuyatia kwenye betri ya gari.

Jibu: Asitie. Yana vumbi la nguo na mabaki ya sabuni. Betri inataka maji ya betri ya kununua. Pigia deki au mwaga chooni, hasa wiki zile za mgao wa maji. Wala yasinywewe.

Mwanaisha: Sawa. Na je, jeans zinakaa muda mrefu kuliko kila kitu.

Jibu: Zigeuze nje ndani, mifuko itoke, na uzikaushe na nzito wenzake. Zikifika karibu kukauka zitoe ukazitundike zimalizikie kwenye hanga. Zipu na lastiki zitadumu zaidi.

Nyakio: Fundi, nimerudi. Vibao nimefuta, ila kilichonishangaza ni chujio: maji yalisimama juu yake kabisa! Nimelisugua, mzigo wa leo umekauka vizuri.

Jibu: Safi sana, dada. Acha zile karatasi za kunukisha, halafu wikendi hii toa kondensa uipitishie maji. Kama chujio lilikuwa hivyo, kuna nyuzinyuzi huko nyuma pia.