Koti la Kwanza: Fumua Kabla ya Kushona

Mtu aliyezoea kushona gauni au shati hudhani kuwa koti la suti ni shati nene lenye bitana, na kosa lake hulitambua siku anapolivaa na kuona kola imejitenga na shingo huku kifua kimelegea kama shuka kambani. Koti husimama kwa sababu ya pasi na kwa sababu ya vitu vilivyofichwa kati ya kitambaa na bitana. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, nenda Kongowea, Gikomba au soko lolote la mitumba lililo karibu nawe, utafute koti kuukuu lililoshonwa vizuri ambalo halivaliki tena, ulifumue.

Lifumue taratibu, upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki wa kulinganishia. Anza na bitana kwenye pindo la chini, kisha mkono, kisha kola. Ndani utakuta kitambaa kigumu kilichowekwa kifuani, na mara nyingi utepe mwembamba ulioshonwa kando ya mstari ambapo kifua hukunjwa kwenda nje, pedi ya bega, na ukanda laini unaojaza kichwa cha mkono, yaani sehemu ya juu inayoungana na bega. Kola ya chini kwa kawaida imekatwa hanamu, yaani kimshazari, na ndiyo sababu hujipinda shingoni bila kukunjamana. Andika mpangilio wa kila ulichokitoa, maana wewe utavirejesha kwa mpangilio wa kinyume.

Kwa kitambaa, chagua sufu au mchanganyiko wenye sufu nyingi, wa uzito wa wastani, usio na mistari wala miraba. Sufu huitii pasi: ikipata mvuke hunywea, na ikipoa hubaki na umbo ulilolipa, ilhali poliesta tupu ni kaidi na hung'aa ikizidishiwa moto. Kikiwa na upana wa sentimita 150, mita 2 hadi 2.5 humtosha mtu wa umbo la wastani. Muulize mwenye duka kama anapima kwa mita au kwa yadi, kwani yadi 2.5 hazifiki hata mita 2.3, na upungufu huo unaweza kula kola na mifuko. Kipige mvuke chote kabla ya kukikata, ili kama ni kunywea kinywee mapema.

Usikikate, hata hivyo, kabla ya kushona koti la majaribio kwa marekani, kitambaa cha pamba kisicho na urembo. Lishikize kwa mishono mirefu, livae juu ya shati, kaa, nyoosha mikono mbele, kisha mwombe mtu akutazame mgongoni. Anza kurekebisha mabega, kwa kuwa bega likikosewa kila kilicho chini yake huvutwa, na kila badiliko lihamishie kwenye patani, yaani karatasi za umbo unazokatia kitambaa.

Kitambaa cha gundi, kile cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi, kijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Pasi usiiburuze, ikandamize mahali pamoja kwa sekunde 10 hadi 15 juu ya kitambaa chenye unyevu, iinue, uihamishe, kisha uache kipande kipoe kikiwa kimelala, kwa sababu kikiinuliwa kingali moto hupinda. Mifuko iwe ya kubandika. Ile ya kupasua ina siku yake. Kola ya juu iizidi ya chini kwa takriban milimita 3 ukingoni, la sivyo mshono utachungulia nje. Kila mshono upigwe pasi kabla haujakutana na mwingine.

Mikono ndiyo huwakatisha watu tamaa. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kuliko tundu lake, mara nyingi kwa sentimita 3 au 4, na ziada hiyo inapaswa kuingia bila kuacha marinda. Pitisha mistari miwili ya mishono mirefu kuzunguka kichwa cha mkono, vuta nyuzi kidogo kidogo, kisha kiweke juu ya taulo lililokunjwa na ukinyweshe kwa mvuke mpaka kijikusanye chenyewe. Baada ya hapo piga bandi (mishono ya muda ya kushikizia) kwa mkono na uvae koti mbele ya kioo: mkono ukielekea nyuma au ukijikunja karibu na kwapa, fumua bandi na uzungushe kichwa chake kwa sentimita moja hivi. Katika koti langu la kwanza niliruka hatua hii, nikaweka mkono wa kulia mahali pa wa kushoto, na sikutambua mpaka nilipokwisha kushona kwa cherehani na kupunguza kingo.

Bitana haina ugumu mkubwa, ila iachiwe nafasi: kunjo la sentimita 2 katikati ya mgongo, na ulegevu kidogo kwenye pindo, ili isilivute koti unapoinama. Koti likishapigwa pasi ya mwisho na kulala usiku mzima kwenye kiango kipana, shona vifungo ukiwa umelaza njiti ya kiberiti kati ya kifungo na kitambaa. Ukiichomoa, zungusha uzi mara kadhaa kwenye shina lililobaki kisha ufunge fundo kwa ndani.