Hisa imeporomoka, itarudi? Namna ya kubishana kabla hujauza ama kuongeza

Hisa yoyote ikishuka kwenye soko la hisa la Nairobi watu wanagawanyika papo hapo, hawa wanasema shikilia itarudi, wale wanasema toka mapema, na ukisikiliza vizuri unagundua hakuna hata mmoja amesema itarudi wapi. Hapo ndo pa kuanzia. Chukua mtu alienunua hisa ya Safaricom, ile kampuni ya simu, kwa shilingi 44 mwaka 2021 na mwingine alienunua kwa 15, waweke meza moja mwisho wa 2023 bei ikiwa 13 na kitu. Wote watasema "itarudi", lakini wa 15 anaomba ipande kidogo tu na wa 44 anaomba ijizidishe zaidi ya mara tatu. Kwa hivyo kabla ya makelele kila mtu kwenye chama chenu cha kuwekeza ataje alinunua ngapi, na aseme hizo pesa ni za kukaa ama ni karo ya Januari. Mwenye karo ya Januari hana mjadala wowote wa kuingia hapo, auze tu aende shule.

Na hesabu ifanywe kwa karatasi, sio kwa kichwa, juu kichwa kinadanganya. Hisa ikishuka nusu inabidi ipande mara mbili ndo urudi ulipokuwa. Ikishuka asilimia 80 inabidi ipande mara tano. Ukiona hio mara tano imeandikwa mbele yako, maneno ya "tungoje kidogo" yanapungua yenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Jua kama kilichoanguka ni bei ama ni kampuni.

Njia ya haraka ni kuangalia majirani. Kama kampuni zote kubwa zinashuka pamoja basi shida huenda iko nje ya kampuni yako. 2022 na 2023 ilikuwa hivyo, riba za Marekani zilikuwa zinapanda, wawekezaji wa nje wanauza watoe dola zao, shilingi inazama mpaka Januari 2024 ikapita 160 kwa dola moja, alafu Februari serikali ikauza bondi ya miundombinu, yaani ikakopa kwa watu kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila kodi. Hebu niambie, nani atakaa na hisa ya benki inayompa wasiwasi kila siku wakati bondi inalipa hivyo? Pesa zilihama tu. Shilingi iliporudi karibu 130 na riba zikaanza kushuka, hisa nazo zikaanza kupumua, na 2025 Safaricom ikapita 25. Wa 15 akacheka, wa 44 akabaki bado ana hasara kwa karatasi, na walikuwa wanabishana hisa ile ile.

Lakini usikimbilie kusema "ni soko tu". Safaricom pia ilikuwa na mzigo wake wa Ethiopia, leseni ya 2021 peke yake ilikuwa dola milioni 850, na biashara ilianza Oktoba 2022 ikiwa inakula pesa kabla ya kuleta. Mara nyingi inakuwa hivi, kidogo soko kidogo kampuni, na kazi yako ni kukadiria kipi kimevuta zaidi.

Hapo fungua ripoti ya mwaka. Najua, kurasa mia mbili na picha za wakurugenzi wakitabasamu, ruka hizo. Nenda ripoti ya mkaguzi wa hesabu, tafuta mahali anaongelea kama kampuni inaweza kuendelea na biashara. Akiandika ana mashaka makubwa kuhusu hilo, mjadala wenu umebadilika, sio wa bei tena. Alafu angalia madeni ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja, yalinganishe na mali ambayo inaweza kugeuka pesa ndani ya mwaka huo huo. Alafu uangalie keshi inayotoka kwa biashara yenyewe, juu faida inaweza kuandikwa na wahasibu lakini mishahara inalipwa na keshi. Na kwa Kenya kampuni iliyo sokoni ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 ama zaidi inatakiwa itangaze mapema, kwa hivyo tangazo kama hilo likitoka lisome lote, usisome kichwa cha habari pekee. Sababu waliyotoa mwaka huu ilinganishe na sababu ya mwaka uliopita. Kampuni inayolaumu mvua mwaka huu, mwaka ujao inalaumu sukari ya magendo, mwaka mwingine mashine, hio mimi naikimbia.

Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ni darasa zuri hapa maana ilikuwa na madeni ya kutisha na bado ikainuka. Mwaka ulioisha Juni 2023 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3, hisa yake ilikuwa inauzwa kama peremende, shilingi moja na senti. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya bilioni 30 na ikalipa senti 70 kwa kila hisa, na bei ikaondoka. Nini kilibadilika? Bei mpya za umeme zilianza Aprili 2023, na mikopo yao mingi ni ya pesa za kigeni kwa hivyo shilingi ilipopata nguvu hasara ya kubadilisha pesa ikageuka. Yote mawili yalikuwa wazi kwa mtu yeyote. Alieshinda anaangalia chati ya bei hakuona kitu, aliesoma kwamba deni liko kwa dola alijua aangalie shilingi. Kwa hivyo anaesema itarudi muulize swali moja, itarudishwa na nini? Akikosa kitu cha kutaja, kama ni bei mpya, deni linaloisha, soko jipya, basi anaomba tu kama wengine.

Alafu kuna hoja inapendwa sana, "hio ni ya serikali, haitaachwa ianguke". Hapa tulieni, juu ndo watu wengi wameumia hapa. Kampuni inaweza kuokolewa na wewe usiokolewe. Kenya Airways ilipopanga madeni yake upya 2017, mabenki ya Kenya yalibadilisha mikopo yao kuwa hisa na kupata asilimia 38 hivi, serikali ikafika karibu 49, na hata KLM yenyewe, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa na hisa humo, ikashuka kutoka asilimia 26.7 mpaka 7.8. Kama KLM ilipunguzwa hivyo, wewe na hisa zako elfu mbili ulibaki na nini? Ndege ziliendelea kuruka, kipande chako ndo kilikuwa chembamba. Alafu Julai 2020 biashara ya hisa zake ikasimamishwa, serikali ikiwa inapanga kuichukua yote, mpaka Januari 2025 ndo ikafunguliwa tena. Miaka minne na nusu huwezi kuuza hata ukitaka. Hio ilipata mlango wa kurudi. Mumias, kampuni ya sukari, nayo serikali ilikuwa na hisa ndani, ikaishia 2019 mikononi mwa meneja aliewekwa na wanaoidai, na ikifika huko mwenye hisa ni wa mwisho kwa foleni, wanalipwa waliokopesha kwanza.

Watakuletea mifano ya kurudi pia, ni haki yao. Safaricom iliuzwa kwa umma mara ya kwanza kwa 5 mwaka 2008, ikashuka chini ya 3, na tangu 2013 haijaonekana chini ya 5 tena. Ni kweli kabisa. Lakini wengi walikuwa wamechukua mkopo kununua, na mkopo haungoji miaka mitano, kwa hivyo hisa ilirudi wenyewe wakiwa washatoka. Na kwa kila Safaricom weka Uchumi, ile kampuni ya supamaketi, kando yake, ilifungwa 2006, ikarudi sokoni 2011 watu wakasema mnaona, mwisho wa 2014 ikawauzia wenye hisa hisa mpya kwa shilingi 9, wakalipa, na katikati ya 2015 mkurugenzi mkuu akafutwa. Kampuni iliyoshuka ikikuomba uongeze pesa, uliza zinaenda kujenga kitu ama zinaenda kulipa waliouza bidhaa mwaka jana.

Tukija kwa kuongeza ili kushusha wastani. Una hisa 1,000 za shilingi 40, bei imefika 20, unanunua 1,000 zingine, wastani wako ni 30. Inapendeza, lakini bado inabidi ipande asilimia 50 ndo utoke sare, na sasa umeweka pesa nyingi zaidi kwa kampuni ile ile inayokusumbua, bila kusahau broka, yaani dalali wa hisa, na ada zingine zinakula karibu asilimia 2 ukinunua na tena ukiuza. Mimi naongeza tu kama kuna ripoti mpya imetoka na imeonyesha kitu nilichokuwa nangoja. Bei kushuka sio habari mpya, ni bei tu.

Na zile video za Wamarekani za uza kwa hasara upunguze kodi, achana nazo. Kenya faida ya kuuza hisa zilizo sokoni haitozwi kodi ya faida, kwa hivyo hata hasara yake haikupunguzii chochote. Ukiuza, uza kwa sababu zingine.

Ukiamua kuuza, usiangalie bei ya mwisho ukadhani ndo utapata. Hisa nyingi ndogo pale Nairobi zinakaa siku nzima bila mnunuzi, na bei hairuhusiwi kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hivyo habari mbaya ikitoka hisa inaweza kuanguka siku tatu nne mfululizo na wewe uko kwa foleni ya wauzaji tu. Piga simu kwa broka ama fungua apu yake uone wanaotaka kununua wako wangapi na kwa bei gani, alafu weka bei yako mwenyewe badala ya kusema uza kwa yoyote. Kama ni nyingi kuliko wanunuzi walioko, gawa, uza kidogo kidogo. Na hakikisha namba ya akaunti ya benki walio nayo ni ile unayotumia sasa, sio ile ya kazi uliyoacha zamani.