Kabla ya kwenda Dodoma kwenye usaili

Jina lako limetoka kwenye orodha ya walioitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili wa kazi za utumishi wa umma. Hongera. Sasa rudi ulisome tangazo lote, maana wengi huishia pale walipoliona jina lao. Utakuta unatakiwa uje na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi cha taaluma yako, na kwamba hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia hati ya kisheria ya majina leo, usingoje usiku wa safari. Nauli, chakula na malazi vyote ni juu yako.

Nguo ndiyo inayowasumbua vijana wengi, na mara nyingi wanasumbuka na jambo lisilohitajika. Suti si lazima. Shati safi la mikono mirefu, jeupe au la bluu hafifu, suruali ya kitambaa, mkanda na viatu vilivyopigwa rangi vinatosha kabisa. Kwa dada, gauni au sketi inayovuka magoti hata ukiwa umekaa, na blauzi isiyoonesha ndani. Serikali ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007, nao umekataza nguo fupi, za kubana na zinazoonesha maungo. Anayeomba kazi hiyo avae kama aliyekwisha kuipata. Huna hela? Pita soko la Karume, Dar es Salaam, kwenye mitumba, chagua taratibu, kisha mpelekee fundi cherehani apunguze kiuno. Nguo ya mtumba iliyokukaa ni bora mara kumi kuliko suti ya kuazima inayokuning'inia mabegani.

Ukishaipata, ivae nyumbani ukae nayo nusu saa kwenye kiti cha mbao. Kioo hukuonesha umesimama, lakini paneli, yaani jopo la watakaokuhoji, itakuona umekaa. Hapo ndipo utajua kama vifungo vinavutana tumboni, kama sketi inapanda, kama hijabu inakulazimisha kuirekebisha kila dakika. Viatu vipya vianze kuvaliwa wiki moja kabla. Usaili ukiwa Chuo Kikuu cha Dodoma, eneo lile ni pana, utatembea. Usisafiri na nguo za usaili mwilini, na beba kitambaa cha kufutia viatu, kwa kuwa vumbi la Dodoma halimkopeshi mtu. Nguo zipige pasi jioni, umeme ungalipo.

Fika mapema, simu izimwe kabisa. Msalimie mlinzi na anayekagua vyeti kwa heshima ileile utakayowapa wakubwa. Unyenyekevu wa kuanzia mlangoni mwa paneli huonekana kuwa wa kubandikwa. Ukiingia, salimia mara moja kwa wote. Wakiwa watu wazima kwako, "shikamooni" haina kosa, wala huna haja ya kumzungukia kila mmoja kumpa mkono. Subiri ukaribishwe kiti. Mtazame aliyeuliza, lakini usimkodolee macho. Swali usipolielewa, omba lirudiwe. Usilolijua, sema hulifahamu, tena kwa sauti ileile uliyojibia yale unayoyajua. Naamini hapo ndipo watu wengi wazuri wanapopoteza alama: wanazungukazunguka kwa dakika tatu wakiogopa neno moja la kweli. Wakimaliza, shukuru, rudisha kiti, toka.

Kama ulichofanya ni mchujo wa kuandika, usilitupie shati kwenye begi likiwa na jasho. Lifue jioni hiyohiyo na uangalie akaunti yako ya maombi kila siku, kwani wanaofaulu huitwa tena kwa mahojiano ya ana kwa ana, na huenda usipate muda wa kurudi nyumbani.