SOMO: Kutuliza feni ya laptopu wakati wa kikao cha video

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, kwa hiyo naliandika mara moja. Joto la Mtwara kuanzia Novemba mnalijua. Feni ikiunguruma, wa upande wa pili anasikia mashine ya kukoboa badala ya maneno yako.

1. Toa laptopu kitandani, weka mezani.

2. Funga kurasa na programu usizotumia.

3. Zima kile kipengele cha kutia ukungu nyuma yako. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakutenganisha na ukuta upya kwa kila picha, inachoka. Kaa mbele ya ukuta mtupu.

4. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kikomo cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%.

5. Safisha vumbi. Hapa someni taratibu. Yangu niliipeleka kwa fundi pancha aipulize kwa kompresa. Wingu la vumbi likatoka, nikafurahi. Kumbe upepo ule uliizungusha feni kupita kiasi, na kompresa hutema matone ya maji. Jioni ile ile feni ikaanza kukwaruza, wiki ya pili ikagoma, nikanunua nyingine. Kwa hiyo: zima mashine, fungua mfuniko, chomoa waya wa betri, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno, ndipo upitishe brashi ndogo ya rangi, kavu. Kwenye matundu ya kutolea joto utakuta utando wa vumbi kama kipande cha blanketi. Uvute kwa kibano. Ikiwa bado ina dhamana, usifungue.

MASWALI

Mdau, Ligula: Mkuu, yangu inanguruma nikiwa kitandani, nifanyeje?
— Hatua ya 1.

Mdau, Ligula: Na kompresa ya presha ndogo?
— Hapana. Soma hatua ya 5 yote.

Mdau, Lindi: Kaka, kwa nini 99 na si 80?
— Umeuliza vizuri, dada. Prosesa nyingi hujiongezea kasi juu ya ile ya kawaida, na hapo ndipo joto hupanda ghafla. Kwa 99 nyingi haziruki huko, na kasi ya kawaida inabaki. Kwa 80 video inaweza kukwama. Anza na 99, sikiliza dakika kumi, kisha shuka kidogo kidogo.

Mdau, Lindi: Asante. Mimi natumia hedifoni za waya zenye maiki karibu na mdomo, ngurumo haiwafikii.
— Hiyo ni nzuri sana, wote ijaribuni. Pia msiiache laptopu kwenye dirisha linalotazama bahari, hewa ya chumvi inakula vyuma.

Mdau, Mikindani: Usiku unaifunika na nini?
— Khanga kavu, ikishazimwa na kupoa.